Bi Sindano Afungiwa Nje

Jina la Bi Sindano hakupewa na mama yake. Alipewa na mtaa. Alikuwa fundi wa kutengeneza vyerehani, na ulimi wake ulikuwa mkali. Ukimpelekea cherehani kilichokwama, hakuuliza habari za nyumbani. Aliuliza kwanza, "Umesafisha?"

"Nimesafisha, Bi Sindano."

"Wapi? Juu, wanapoona wageni?"

Kisha alifungua tumbo la cherehani, akatoa donge la vumbi na nyuzi, akaliweka mezani mbele ya mwenyewe. Watu waliona haya, wakacheka, na mwaka uliofuata wakarudi tena.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa. Upande wa dirisha alikaa wifi yake, dada wa mumewe, akishona sare za shule. Upande wa ukuta alikaa yeye na bisibisi zake, kopo la mafuta, na cherehani cheusi cha marehemu baba yake. Hicho hakikuwa cha kuuza wala cha kuazima. Baba alimfundishia kazi hapo.

Baba aliacha pia daftari. Humo alichora kwa mkono wake matumbo ya vyerehani vya kila aina, vingine havitengenezwi tena siku hizi. Miaka minne iliyopita paa lilivuja, daftari likaloa, wino ukasambaa. Bahati nzuri Bi Sindano alikuwa ameshapiga picha kila ukurasa na kuziweka kwenye jukwaa la mafundi wa vyerehani, huko mtandaoni. Simu aliyopigia picha hizo ilishakufa zamani. Kwa hiyo michoro ya baba ilibaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya akaunti yake ya jukwaani.

Jukwaa hilo lilikuwa na mafundi wengi. Waliulizana maswali. Waliambiana kipuri gani ni kizuri na kipi ni takataka. Neno la Bi Sindano lilikuwa na uzito huko, na huko pia alianza kila jibu kwa swali lake lile lile: "Umesafisha?"

Jumatano moja asubuhi, mikono yake ikiwa na grisi hadi kwenye viwiko, simu ililia mezani.

"Wifi, hebu nisomee," alisema.

Wifi aliacha kushona, akasoma. "Ni barua pepe. 'Umeomba kubadilisha neno la siri la akaunti yako ya jukwaa. Namba yako ya uthibitisho ni hii.' Halafu kuna tarakimu sita."

"Mimi? Nimeomba lini?"

"Labda usingizini. Kaka aliniambia unaongea usingizini."

"Mwambie kaka yako yeye anakoroma. Achana nayo, watakuwa wamekosea."

Haikupita nusu saa, simu ikalia tena. Maneno yalikuwa yale yale, namba nyingine. Mara ukaingia na ujumbe wa tatu, huu kutoka jukwaani kwenyewe. Mtumaji alijiita Msimamizi. Wifi aliusoma kwa sauti.

"'Ndugu mwanachama, kuna mtu anataka kuiba akaunti yako. Tutumie haraka ile namba ya tarakimu sita ili tumzuie. Una dakika tano. Usipotuma, akaunti na picha zako zote zitafutwa.'"

Picha zote! Wakati huo Bi Sindano alikuwa ameshikilia springi ndogo ya cherehani kwa vidole viwili, na springi ile ukiiachia hutaiona tena.

"Mtumie, wifi! Mtumie upesi!"

"Namba ya kwanza au ya pili?"

"Ya pili! Wewe tuma tu!"

Wifi alituma. Msimamizi akajibu, "Asante kwa ushirikiano." Wote wawili wakashusha pumzi. Haraka haraka haina baraka, tunaambiwa tangu utotoni, lakini nani anakumbuka hayo akiwa amepewa dakika tano?

Mchana aliingia mteja, mwanamume mrefu aliyebeba cherehani ndani ya beseni, kimefunikwa kwa taulo.

"Ni cha mke wangu," alisema polepole. "Nilitaka kumshangaza. Nikakifungua ili nikitengeneze mwenyewe."

"Ukamshangaza?" aliuliza Bi Sindano.

"Sana." Akatoa mfukoni skrubu mbili, akaziweka mezani. "Hizi zilibaki."

Wifi alicheka hadi akainamia sare aliyokuwa akishona. Bi Sindano alikitazama kile cherehani. Kilikuwa cha zamani, lakini alijua baba alishakichora. Alifuta mikono, akachukua simu ili autafute mchoro.

Simu ilimwambia: "Neno la siri si sahihi."

Aliandika tena taratibu, herufi baada ya herufi. Si sahihi. Akajaribu mara ya tatu. Si sahihi. Basi akafungua jukwaa kama mgeni, asiye na akaunti, na humo akaliona jina lake. Chini ya jina lake palikuwa na tangazo ambalo hakuliandika: "Vipuri vipya vizuri sana, bonyeza hapa."

Alikaa kwenye kigoda.

"Wameniingilia," alisema. "Wananitumia kudanganya watu. Na michoro ya baba iko mikononi mwao." Machozi yakamtoka, naye hakuwa mtu wa kulia mbele ya wateja.

"Ni mimi," wifi alisema kwa unyonge. "Mimi ndiye niliyetuma."

"Ni mimi niliyekuamuru. Usijibebeshe."

Yule mteja alivuta benchi. "Mimi nafundisha kompyuta kwenye chuo cha ufundi," alisema. "Vyerehani sivijui."

"Hilo tumeliona," wifi alisema.

"Lakini haya nayajua. Nielezeni tangu mwanzo."

Wakamweleza. Mwalimu alisoma jumbe zote tatu, kisha akawarudishia simu.

"Huu wa kwanza na huu wa pili zimetoka jukwaani kweli," alisema. "Kuna mtu alikwenda kwenye ukurasa wa kuingilia, akaandika jina lako, akabonyeza 'nimesahau neno la siri'. Yeyote anaweza kufanya hivyo. Ni sawa na kubisha hodi. Mtu anayebisha hodi bado yuko nje. Jukwaa likakutumia wewe namba, kwa sababu wewe ndiye mwenye nyumba."

"Na mimi nikamrushia ufunguo dirishani," alisema Bi Sindano.

"Ndiyo. Hebu kumbukeni hili. Msimamizi wa kweli haombi namba ile. Haihitaji. Namba ile hapewi mtu yeyote, hata mimi. Anayeiomba ndiye mwizi, ajiite jina lolote. Na anayekupa dakika tano hataki ufikiri."

"Sasa nifanye nini? Nilirudie jukwaa?"

"Ngoja. Kwanza barua pepe. Akaunti zako zote, ukisahau neno la siri, namba inatumwa kule. Akiingia kule, amechukua nyumba na mtaa. Neno lako la siri la barua pepe, usinitajie. Niambie tu, ni lile lile la jukwaani?"

Wifi alikohoa. Bi Sindano alitazama chini.

"Ni moja kwa kila kitu," alisema. "Ni namba ya cherehani cha marehemu, ile iliyogongwa kwenye kibati. Nani angeijua?"

"Nimekuambia usinitajie," alisema mwalimu. Kisha akageuka, akakitazama kile cherehani cheusi. "Umewahi kuweka picha yake jukwaani?"

"Mara nyingi. Ndiyo picha ya akaunti ya..." Hakumaliza. Alichukua simu, akaikuza ile picha. Kibati kiling'aa katikati, na namba ilisomeka yote. Alikuwa amekisugua yeye mwenyewe kwa kitambaa na mafuta kabla ya kupiga picha, ili kipendeze.

"Miaka sita!" alisema. "Miaka sita nimetundika ufunguo mlangoni, tena nimeung'arisha!"

Mara hii hata yeye alicheka, ingawa machozi hayajakauka.

Alijaribu barua pepe. Ilifunguka. Mwizi alikuwa hajafika huko. Mwalimu alimwongoza, lakini hakuishika simu hata kidogo.

"Neno la siri zuri si lazima liwe gumu," alisema. "Liwe refu. Chagua maneno manne au matano yasiyohusiana, ambayo hujayaandika popote. Yasiwe jina la mtoto, wala mwaka wa kuzaliwa, wala kitu kinachoonekana kwenye picha. Na kila akaunti iwe na lake."

"Nitayakumbuka yote hayo?"

"Yaandike kwenye kijitabu, ukifungie kabatini nyumbani. Mwizi wa mtandaoni hafungui kabati lako. Usiyaandike tu kwenye ukuta wa karakana." Kisha akageuka, akampa mgongo ili aandike.

"Wifi, na wewe tazama nje."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Nakupenda, lakini tazama nje."

Baada ya hapo mwalimu alimwonyesha mambo matatu mengine. Alimwonyesha pa kubonyeza ili barua pepe ijifunge kwenye kila simu na kompyuta isiyo yake. Alimwambia akague namba ya simu iliyosajiliwa humo, kama ni yake kweli. Mwisho alimwelekeza jinsi ya kuwasha ulinzi wa hatua mbili. Tangu hapo, mtu akitaka kuingia kwa simu ngeni, neno la siri peke yake halikutosha. Simu ya Bi Sindano ilimwuliza kwanza kama ni yeye.

Sasa wakaligeukia jukwaa. Bi Sindano aliomba neno jipya la siri, lakini hakuna namba iliyokuja. Mwizi alikuwa ameshabadilisha anwani ya barua pepe iliyokuwa kwenye akaunti.

"Basi tuwaandikie wasimamizi wenyewe," alisema mwalimu. "Lakini usimjibu yule, na usifuate kiungo chochote ulichotumiwa. Andika anwani ya jukwaa kwa mkono wako, kisha utafute ukurasa wa mawasiliano."

Bi Sindano aliandika kila kitu, pamoja na ile aibu ya tarakimu sita. Jioni alijibiwa. Wasimamizi walikuwa wameisimamisha akaunti na kuliondoa lile tangazo. Lakini walitaka uthibitisho kwamba akaunti ni yake. Hawakuomba neno la siri wala namba. Waliomba picha mpya ya cherehani kile cheusi, na pembeni yake karatasi yenye tarehe ya siku hiyo na neno walilolichagua wao.

Bi Sindano alisimama, akapangusa meza.

"Yeye anayo picha ya cherehani," alisema. "Mimi ninacho chenyewe."

Alipiga picha, akaituma. Halafu wakangoja siku mbili. Zilikuwa siku ndefu. Bi Sindano alikosea kufunga mkanda wa cherehani cha mteja, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Ijumaa saa nne asubuhi akaunti ilirudi. Hakuangalia kingine chochote. Alikwenda moja kwa moja kwenye michoro, akahesabu kurasa kwa kidole, wifi akimhesabia kwa sauti. Mia moja na kumi na mbili. Zote zilikuwepo. Walikumbatiana, grisi ikahamia kwenye sare ya mtoto wa watu, na wala hawakujali.

Siku hiyo hiyo aliipa akaunti neno jipya refu na ulinzi wa hatua mbili. Kisha akapeleka michoro yote kwa mpiga chapa wa mtaani, akaichapisha kwenye karatasi. Nakala nyingine akaiweka kwenye kadi ya kumbukumbu kabatini nyumbani. Wifi hakuwa amesahau kosa lake. Alishona jalada gumu kwa mabaki ya vitambaa vya sare, akamkabidhi. Daftari la baba likawa kitabu tena.

Mwalimu alipokuja kuchukua cherehani cha mkewe, kilishona kama kipya. Skrubu zote zilikuwa mahali pake.

"Deni langu?" aliuliza.

"Usikifungue tena. Hilo tu," alisema Bi Sindano.

Walikuwa bado wanacheka simu ilipolia. Wifi aliichukua, akasoma kwa sauti.

"'Umeomba kubadilisha neno la siri la akaunti yako ya jukwaa...'"

Wote watatu walitazamana.

"Umeomba?" aliuliza mwalimu.

"Sijaomba."

"Utafanya nini?"

Bi Sindano hakubonyeza chochote kwenye ule ujumbe. Alifuta mikono bila haraka, akaandika anwani ya jukwaa mwenyewe, akaingia. Michoro ipo. Anwani ya barua pepe ni ile ile yake. Hakuna kifaa kigeni kilichoingia.

"Anabisha hodi," alisema. "Mwache abishe mpaka achoke."

Halafu akaketi, akawaandikia mafundi wenzake jukwaani. Aliwaeleza yote yaliyompata, bila kujificha, kuanzia kibati kilichong'aa hadi zile dakika tano. Ujumbe wake ulianza hivi: "Umesafisha? Leo siulizii cherehani. Naulizia neno lako la siri."

Fundi mmoja wa mbali, ambaye hawajawahi kuonana uso kwa uso, alikuwa wa kwanza kujibu. "Siku ile ya tangazo la vipuri niliwaambia watu wasibonyeze," aliandika. "Yule mwizi alikuwa na jina lako na picha yako. Lakini hakutuuliza kama tumesafisha. Karibu tena nyumbani, Bi Sindano."