Inveta Chini ya Kitanda

Hili lilimpata rafiki yangu Rehani, muuza vitenge wa Makanyagio. Mkewe Zakia alikuwa akipumua kwa mashine ya oksijeni, na Rehani aliigeuza Hiace yake chumba chenye kitanda, ili ampeleke hospitali Mbeya huku mashine ikiwaka njiani. Ilibaki kuchagua mahali pa kufunga inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uendeshe mashine.

"Chini ya kitanda," alisema fundi Nashon. "Ni karibu na betri, na hewa inapita."

"Iningurumie mgongoni hadi Mbeya?" Zakia aliuliza kutoka dirisha la chumbani. "Nyie mnanipeleka hospitali au mashineni kusaga mahindi?"

Walicheka, wakaifunga hapo hapo.

Magharibi umeme ulikatika mtaa mzima. Mlio wa mashine ndani ya nyumba ukakoma.

"Mlete shem, nawasha!" Nashon alipiga kelele kutoka garini.

Rehani alipapasa gizani, akambeba mkewe. Mashine aliiacha, angeirudia. Kabla hajafika uani, kichwa cha Zakia kilimlalia begani, kizito, bila pumzi.

Alipolifikia, gari lilikuwa giza tupu.

"Taratibu, Rehani," Nashon alinong'ona humo ndani. "Shem ameshalala hapa kitandani."

Zakia akiwa bado mikononi mwake, Rehani aliisikia kitandani: pumzi ndefu ya kuvutwa kwa shida, na kikohozi kidogo mwishoni, kile kile cha Zakia.