Moshi Kwenye Bomba la Kiwanda

Bronia alikuwa mfumaji wa sufu katika mji mmoja wa viwanda, jimbo la Massachusetts, Marekani. Kila asubuhi kengele ya kiwanda ilimwamsha. Majira yale ya baridi kengele ililia bure. Wafanyakazi walikuwa wamegoma, kwa sababu wenye kiwanda walipunguza ujira na kuongeza kasi ya mitambo.

Asubuhi moja alikuwa akichemsha supu ya kabichi. Kazik, mumewe, alikuwa amelala, kifua kikimbana. Mara hodi. Akaingia mtu wa kampuni, kofia mkononi, mpole kama kondoo.

"Mama, nakuonea huruma. Waitaliano wamesharudi kazini. Mmebaki ninyi Wapolandi tu. Usiporudi kesho, mtambo wako tunampa mwingine."

Alipoondoka, Bronia akachungulia dirishani. Kweli, bomba la kiwanda lilikuwa linatoa moshi.

"Si unauona?" Kazik alisema. "Lisemwalo lipo. Rudi kazini, mke wangu. Makaa yamekwisha, na mimi sina nguvu."

Bronia alimhurumia sana. Lakini alikuwa mdadisi tangu utotoni. Hata mkate hakununua bila kuugonga kitako asikie kama umeiva.

"Nitarudi," alisema, "ila kwanza nikajionee."

Ghorofa ya chini aliishi Concetta, Mwitaliano, mfumaji kama yeye. Walikuwa majirani wa salamu tu. Concetta alifungua mlango, akashika kiuno.

"Umekuja kuniaga? Nasikia ninyi Wapolandi mmetusaliti!"

"Sisi? Si ninyi mliorudi?"

"Nani kakwambia?"

"Bwana mmoja mpole, kofia mkononi."

Concetta akaangua kicheko. "Yule yule! Kwangu alianza kwa kusifu mapazia."

"Na moshi je?"

"Hapo sasa. Jioni twende getini, tuwatazame wanaotoka."

Jioni wakasimama kwenye theluji. Wanawake wachache wakatoka.

"Si hao wamefanya kazi?" Bronia aliuliza.

"Watazame nywele, shoga."

Bronia akatazama. Mfumaji wa sufu hutoka kazini na nyuzi kichwa kizima, kama mtu aliyekuwa akichekecha unga. Hawa hawakuwa na hata uzi mmoja.

"Hawajafuma chochote!"

"Wanalipwa wakae ndani. Makaa yanachomwa ili sisi tuone moshi. Wenye kiwanda wakitufukuza sote, nani atawafumia? Hawawezi. Lakini tukishukiana, tutarudi wenyewe, mmoja mmoja."

Bronia alikasirika. Pia alifurahi, maana sasa alijua.

Kesho yake walipita mlango kwa mlango, kila mmoja kwa watu wake. Wote wakakubaliana: ukisikia habari ya wenzako, kawaulize wenyewe kwanza. Wakaanza kupika supu katika sufuria moja. Concetta alisema kabichi haina ladha. Bronia alisema kitunguu saumu cha Concetta kingefukuza hata polisi. Mtu wa kampuni aliporudi, aliwakuta meza moja.

"Karibu, bwana," alisema Bronia. "Leo nani karudi kazini?"

Yule bwana akavaa kofia yake, akatoka.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, wenye kiwanda walikubali kuongeza ujira. Siku ya kwanza ya kazi, Bronia alirudi nyumbani kichwa cheupe kwa nyuzi. Kazik, aliyekuwa ameketi karibu na jiko lenye makaa, alinyoosha mkono amkung'ute.

"Ziache kwanza," Bronia alisema. "Nashuka kwa Concetta. Lazima tukaguane."