Daftari Kwenye Matete

Kila asubuhi Bathabile alifagia uwanja wa mama yake, akala ugali uliovunjwavunjwa kwa maziwa ya mgando, akavaa sweta la shule na kumpitia rafiki yake Sinegugu. Walipanda kilima pamoja huku ukungu wa mji wao, Melmoth, ukiwalowesha nywele, na kabla hawajafika getini walikuwa wamekwisha kusengenya nusu ya darasa la saba.

Mchezo walioupenda kuliko yote ulikuwa wakati wa kuita majina.

"Fezeka!" aliita Mwalimu Zungu.

"N-n-n-nipo, Mwalimu."

Fezeka alikuwa na kigugumizi. Kila alipokwama, Bathabile, aliyekaa nyuma yake, aligonga meza kwa kidole. Tak. Tak. Tak.

"Tatu," alinong'ona. "Jana zilikuwa mbili. Cherehani imeharibika zaidi."

Darasa liliangua kicheko. Mwalimu Zungu alisema, "Kimya huko nyuma," bila kuinua kichwa chake kwenye daftari la mahudhurio.

Fezeka hakulia. Alikuwa na daftari dogo la bluu ambamo aliandika yale aliyoshindwa kuyasema, na alipochekwa alilifungua na kuinamia humo mpaka kicheko kipite.

Mwezi wa Septemba darasa zima lilikwenda safari ya siku mbili pwani ya St Lucia, kwenye kambi iliyoko mahali mto unapoingia baharini. Siku ya kwanza walizungushwa porini kwa gari la wazi. Waliona faru wawili wamelala kama mawe, twiga, na nyati aliyewatazama kana kwamba anawadai heshima. Mwongozaji wao alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa kofia pana, bunduki begani. Wote kambini walimwita MaGumede. Alikuwa ameongoza watu porini miaka kumi na tisa, na wenzake walimtania kwamba hajawahi kupoteza hata kiatu cha mgeni.

Jioni walisimama juu ya daraja la mbao kutazama viboko. MaGumede aliuliza kama kuna mwenye swali. Fezeka aliinua mkono.

"M-m-mtoto wa k-k-ki…"

"Anauliza mtoto wa kiboko anakula nini," alidakia Bathabile kwa sauti ya juu. "Tukimsubiri yeye, jua litazama."

MaGumede alimgeukia taratibu. "Mwanangu, swali hili ni lako?"

"Hapana, Mama."

"Basi mwachie mwenyewe. Mimi nasubiri faru saa nne nzima chini ya mti, nitashindwa kumsubiri binti mzuri kama huyu?"

Safari hii darasa lilimcheka Bathabile. Fezeka alimaliza swali lake: mtoto wa kiboko ananyonyaje akiwa ndani ya maji?

"Swali la mtu mwenye macho!" alisema MaGumede. "Anabana pua, anakunja masikio, ananyonya. Pumzi ikimwishia anapanda juu, anavuta hewa, anarudi tena kwa mama yake. Na usiombe ukamkuta mama huyo njiani."

Fezeka aliandika yote kwenye daftari la bluu. Alikuwa anatabasamu. Bathabile aliliona tabasamu lile, na lilimchoma kama pilipili jichoni.

Asubuhi ya pili walitoka kwa miguu kuelekea ufukweni. Njia ilipita kando ya mto, kati ya vichaka na matete marefu. MaGumede aliwasimamisha kwenye mstari.

"Njia hii ni yetu," alisema. "Matete yale ni ya kiboko. Yeye hajui kusoma kibao, kwa hiyo mpaka huu mtauheshimu ninyi. Anayetaka kujisaidia aniambie, tutarudi wote hadi vyooni. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Mama!"

Mwalimu Zungu alikuwa mwisho wa mstari. Walipofika kwenye kona, ambapo kichaka kilimziba mwalimu na waliokuwa nyuma, naye MaGumede alikuwa hatua chache mbele akiwaonyesha wengine nyayo mchangani, Bathabile alinyoosha mkono na kulinyakua daftari la Fezeka.

"L-l-lete."

"L-l-lete nini?" aliuliza Sinegugu, akicheka.

"D-d-da…"

"Akimaliza neno nampa," alisema Bathabile. Alihesabu kwa kidole kwenye jalada. Tak. Tak. Tak. Tak. "Umechelewa, Cherehani." Akalirusha. Daftari liliruka juu ya nyasi na kuangukia ndani ya matete, hatua kama kumi na tano kutoka njiani.

Fezeka alitazama mbele alipokuwa MaGumede. Alifungua mdomo kumwita, na neno halikutoka. Akatazama matete. Kisha akakimbia kulifuata daftari lake.

Kilichofuata kilikuwa cha haraka mno. Matete yalitikisika. Alitoka kiboko jike, mweusi, anang'aa maji, na nyuma yake kulikuwa na mtoto mdogo. Alifungua kinywa chake, na Fezeka akaganda palepale daftari likiwa miguuni pake.

MaGumede aligeuka akaona. Hakuweza kupiga risasi kwa sababu Fezeka alikuwa kati yake na mnyama. Alikimbia. Wanafunzi hawakuwa wamedhani kwamba mwanamke wa umri ule anaweza kukimbia hivyo. Alimsukuma Fezeka kando kwa bega, mwenyewe akateleza kwenye tope, na kiboko akamkamata mguu wa kushoto chini ya goti.

Sauti ya mfupa ule ukivunjika Bathabile aliisikia kutoka njiani.

Kiboko alimtikisa mara moja, akamwachia, akageuka na kumsukuma mtoto wake kurudi majini. Ilikuwa imekwisha. MaGumede alilala kwenye tope akisema kwa sauti ya chini, tena na tena, "Mtoto yuko wapi? Mtoto yuko wapi?" Fezeka alikuwa kando yake, mzima, amelowa damu isiyo yake.

Gari lilipokwisha kumpeleka MaGumede hospitali, meneja wa kambi, Bwana Mkhize, aliwakusanya wanafunzi ukumbini. Uso wake ulikuwa wa majivu.

"Nani aliyeona? Mtoto alifikaje kwenye matete?"

Bathabile alihisi macho ya Sinegugu shingoni mwake. Aliwazia mama yake akiitwa shuleni. Aliwazia kufukuzwa. Ulimi ukatangulia.

"MaGumede alimruhusu, Bwana. Fezeka alitaka kujisaidia, akamwambia aende tu hapohapo nyuma ya matete."

"Una hakika?"

"Nilisikia kwa masikio yangu."

"Hata mimi," alisema Sinegugu.

Fezeka alisimama. "S-s-s-si…"

Bathabile hakumtazama. Aligonga tu kiti chake kwa kidole, polepole, kwa sauti ambayo wawili wao pekee waliweza kuisikia. Tak. Tak.

Fezeka alifunga mdomo.

"Basi, mwanangu, pole, kaa chini," alisema Bwana Mkhize. "Umeona mengi leo." Akaandika alichoambiwa.

Wiki ile madaktari waliukata mguu wa MaGumede. Wiki iliyofuata alinyang'anywa leseni ya kuongoza watu, kwa kosa la kumruhusu mtoto kuingia kwenye matete, ingawa alikana kutoka kitandani hospitalini. Habari hizo Mwalimu Zungu aliwasomea darasani. Fezeka alimwandikia mwalimu ukurasa mzima wa kweli. Mwalimu aliusoma, akawaita Bathabile na Sinegugu, nao wakakana. Wawili kwa mmoja. Tena mwalimu alijua kwamba wakuu wangemuuliza yeye alikuwa wapi. Alikunja karatasi ile na kuitia kwenye droo.

Tangu siku hiyo Fezeka aliacha kabisa kusema. Jina lake likiitwa, alikaa kimya akitazama dirishani, na mwalimu alijifanya hajali, akaweka alama ya kuwepo.

Bathabile alidhani amepona. Hakujua kwamba uongo unapofichwa na watu wawili, mmoja huwa bwana na mwingine huwa mtumwa.

"Nibebee mkoba," alisema Sinegugu asubuhi moja.

"Una mikono."

"Na mdomo pia ninao. Niende nao kwa Mwalimu?"

Bathabile aliubeba mkoba. Kesho yake akabeba mkoba na kumwandikia Sinegugu kazi ya hesabu. Siku ya tatu Sinegugu alimfanya asimame juani muda wote wa mapumziko, kwa kujifurahisha tu. Wasichana wengine waliona kwamba malkia wa jana leo anafuta viatu vya mwenzake, wakaanza kumwita "Kitambaa". Alilia chooni peke yake. Hakuwa na wa kumwambia, kwa maana hata kumweleza mama yake kwa nini anaonewa kungekuwa kuanza kusema kweli.

Siku moja alikuja shuleni msichana mkubwa aliyevaa sare za kazi. Alijitambulisha kuwa binti yake MaGumede.

"Mama amenituma," alimwambia Mwalimu Zungu mbele ya darasa. "Hajatuma lawama. Anataka kujua yule mtoto wa swali la kiboko hali yake ikoje. Kila nikienda hospitali ananiuliza hilo hilo."

Fezeka alilaza kichwa juu ya meza. Mabega yake yalitikisika, lakini hata kilio chake hakikuwa na sauti.

"Mgongee," alinong'ona Sinegugu, akimpiga Bathabile kiwiko mbavuni. "Gonga meza, tuone kama Cherehani bado inafanya kazi."

"Siwezi."

"Gonga, Kitambaa, au naongea."

Bathabile alitazama kidole chake mwenyewe kikiwa juu ya meza. Kilikuwa kidole kidogo, chenye wino. Alisimama.

"Dada," alimwambia binti yule, "mama yako hakumruhusu mtu. Nililirusha mimi daftari la Fezeka kwenye matete. Nilimwona akishindwa kuita, nikacheka. Halafu nikadanganya."

"Mwongo huyo!" alifoka Sinegugu. "Anatafuta huruma!"

"Na Sinegugu anajua. Na Mwalimu anajua, karatasi ya Fezeka iko kwenye droo."

Hakuna aliyecheka. Binti wa MaGumede alitema neno moja tu: "Mguu." Akatoka nje, akashika ukuta.

Mama yake Bathabile alipoambiwa, hakumpiga. Ingekuwa nafuu angempiga. Alikaa siku tatu bila kumwita kwa jina, na siku ya nne akampandisha basi kwenda kambini, ambako Bwana Mkhize alikuwa amewaita wote waliohusika. Mwalimu Zungu alikuwapo, ameshika karatasi iliyokunjwa, naye amekwisha kuandikiwa barua ya kujieleza na wakuu wake. Sinegugu alikuja na baba yake, akiwa amenuna, akakubali yote kwa kuitikia kwa kichwa tu.

MaGumede alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa amekonda, na blanketi lilianguka bapa upande mmoja. Kabla Bwana Mkhize hajafungua mdomo, aliinua mkono.

"Leo anaanza Fezeka. Na asitokee mtu wa kumsaidia hata neno moja."

Fezeka alizungumza. Ilichukua karibu nusu saa. Alikwama, akapumua, akaanza tena, na watu wazima wale wote wakakaa wakisubiri kila neno lifike. Bathabile alilazimika kusikia kila kitu kwa kasi ile, hakuna kilichorukwa: kidole, kicheko, daftari, mfupa.

Bwana Mkhize alivua miwani. Alisema kwamba leseni itarudishwa, na kwamba kosa la kutomsubiri mtoto amalize siku ile lilikuwa lake. MaGumede asingeweza tena kutembea porini, lakini angewafundisha waongozaji wapya, na jina lake lingeandikwa upya kwenye kumbukumbu, likiwa safi.

Bathabile alipiga magoti mbele ya kiti. "Nisamehe, Mama."

"Inuka. Ukiwa huko chini sikuoni vizuri, na nataka unione na mimi." MaGumede alivuta blanketi kando ili kilichobaki cha mguu kionekane. "Kiboko alinichukua mguu. Simlaumu, nyuma yake kulikuwa na mtoto wake. Wewe ulinichukua jina. Nyuma yako kulikuwa na nini?"

"Hofu, Mama. Hofu ya kugombezwa."

"Basi sikia, nawe uwaambie wenzako. Siku ile ungesema, kosa lako lilikuwa dogo, mtoto wa miaka kumi na mitatu angeweza kulibeba. Ulilificha likakua, na tangu hapo tumelibeba sisi wengine: mimi, binti yangu, na huyu aliyenyamaza siku zote hizi mpaka tukadhani hatasema tena. Kosa lisemwe siku yake."

"Ndiyo, Mama." Bathabile alimgeukia Fezeka, machozi yakimchirizika. "Na wewe nisamehe."

Fezeka alimtazama usoni bila kukwepa. Watu walisubiri.

"B-b-bado," alisema.

Bathabile alimtazama MaGumede kana kwamba anaomba msaada. MaGumede alitikisa kichwa.

"Umemsikia. Ukweli haukuwa wako, uliuiba na leo umeurudisha. Aliyerudisha alichoiba hapewi zawadi, mwanangu. Anaanza kuishi vizuri, akisubiri."