Diski Kwenye Baiskeli ya Kidole

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kufagia ua, Kidole alikuwa na kazi moja ambayo hakuhitaji kukumbushwa: kuosha baiskeli yake. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu hakuna kitu kilichopita mbele yake bila kuguswa, kubonyezwa au kufunguliwa. Jumamosi hiyo alisugua kwa bidii zaidi, maana chini ya keria alikuwa amening'iniza pambo jipya, diski ya kung'aa aliyoifunga kwa uzi. Jua likiipiga, ilitoa rangi za kila namna. Wenzake mtaani walikuwa wamekoma!

Ndani ya nyumba mambo hayakuwa shwari. Mjomba wake, fundi wa redio, alikuwa amemaliza kumuundia dada mkubwa wa Kidole kompyuta. Dada alikuwa na usaili wa chuo cha uuguzi saa nane mchana huo, kwa njia ya mtandao. Chuo kilisema wazi kwamba asiyeonekana kwenye kioo atapoteza nafasi yake. Na simu za nyumba ile zilikuwa za vitufe tu.

Kompyuta iliwaka bila shida. Feni ikavuma, kioo kikang'aa. Mjomba akachomeka waya wa intaneti uliovutwa kutoka kwa jirani. Hakuna kitu. Akachomoa, akapuliza tundu, akachomeka tena. Wapi!

"Waya ni mzima," alisema akijifuta jasho. "Kinachokosekana ni draiva, ile programu ndogo inayoifundisha kompyuta kutumia tundu la mtandao."

"Si uipakue mtandaoni, Mjomba?" dada aliuliza.

"Nitaingiaje mtandaoni wakati draiva yenyewe ndiyo sina? Lakini tulia, mwanangu. Madabodi, ule ubao tunaochomeka vifaa vyote, ilikuja na diski yake."

Akainama, akavuta sanduku la madabodi kutoka uvunguni na kulikung'uta. Zikaanguka karatasi tu.

"Nani amegusa sanduku hili?"

Moyo wa Kidole ulipiga paa! Kumbe ile diski aliyoichomoa sandukuni haikuwa takataka. Angesema pale pale, mambo yangeisha. Lakini alimtazama dada yake, akaona machozi yakimlengalenga, ulimi ukawa mzito.

"Si mimi, Mjomba," alisema. Na kama vile uongo mmoja haukutosha, akaongeza, "Labda hawakuiweka kule dukani."

Ungemwona mjomba! "Ala! Kumbe yule Mzee Waya aliyeniuzia kaninyofolea diski yangu? Leo atanitambua. Lete baiskeli, twende!"

Basi Kidole akajikuta amepakiwa kwenye keria, mjomba akikanyaga pedali na kufoka njia nzima, na diski yenyewe ikigongagonga chini yake. Aliifunika kwa sketi.

Mzee Waya alikuwa muuza vifaa vya kompyuta, mtu mpole ambaye duka lake lilijaa nyaya tangu mlangoni hadi darini. Alikuwa akimhudumia mshona nguo wa jirani, aliyekuja kununua kibodi ya mwanawe. Mjomba hakungoja hata kusalimiwa.

"Mzee, wewe ni mwizi! Unauza sanduku, vilivyomo unabaki navyo!"

Mshona nguo akamtazama Mzee Waya, akaitazama kibodi, kisha akairudisha taratibu juu ya meza. "Nitapita siku nyingine," alisema, akatoka bila kugeuka.

Mzee Waya aliichukua ile kibodi, akairudisha rafuni. Kidole aliyaona hayo yote. Hakuweza kuvumilia tena. Alikimbia nje, akakata uzi kwa meno, akarudi na diski mkononi.

"Ni mimi," alisema huku akilia. "Nilidhani haina kazi. Kisha nikadanganya. Mzee, hukuiba chochote."

Mjomba alitamani ardhi ipasuke. "Mzee wangu," alisema kwa sauti ya chini, "nimekukosea mbele za watu. Sikuuliza, nilikuja na hukumu mfukoni. Nisamehe. Binti yetu ana usaili wa chuo mtandaoni leo, na draiva iko kwenye diski hiyo."

Mzee Waya aliichukua diski na kuigeuza. Upande wa chini ulikuwa umekwaruzwa vibaya na gurudumu.

"Hii haisomeki tena," alisema. "Usaili ni saa ngapi?"

"Saa nane," Kidole alijibu kwa kwikwi.

Mzee akasogeza miwani, akasoma aina ya madabodi iliyoandikwa juu ya diski, akaingia mtandaoni kwa kompyuta yake. Alipakua draiva inayolingana nayo, akainakili kwenye flashi na kumkabidhi mjomba. "Wahi nyumbani. Huyu binti mwache kidogo, nina neno naye."

Mjomba aliondoka mbio. Mzee akainama hadi macho yake yakawa sawa na ya Kidole.

"Mwanangu, diski si kitu. Ungeniomba nyingine, ningekutafutia. Lakini yule mama mshona nguo ameondoka hapa akiamini mimi ni mwizi. Hilo siwezi kulipakua popote. Ukiharibu kitu, sema mapema, wewe mwenyewe, kabla mtu mwingine hajabebeshwa kosa lako. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mzee. Naenda kumwambia."

Ilikuwa safari fupi, lakini miguu yake ilikuwa mizito. Mshona nguo alisimamisha cherehani, akamsikiliza hadi mwisho. Hakumsifu wala kumkaripia. Alitwaa mkoba wake, akavuka barabara, na Kidole akamwona akiingia tena dukani kwa Mzee Waya.

Kidole alipofika nyumbani, taa ndogo ya kijani ilikuwa ikimetameta kando ya waya. Dada alikuwa ameketi wima mbele ya kioo, akimjibu mtu wa chuoni. Mjomba alimwashiria Kidole anyamaze, kisha akamvuta karibu naye, wakasimama mlangoni wakisikiliza.