Ufa Chini ya Mama Radi

Twyla Brandt alikutana na Orrin Haskell kwenye foleni ya soseji za kijiti, katika maonyesho ya wilaya huko Indiana, akiwa bado ndani ya ovaroli yake nyekundu, nywele zimemganda kwa jasho. Orrin alimmwagia haradali kifuani. Badala ya kuomba radhi, alimwambia kwamba lori analoliendesha kwenye maonyesho linaruka kama ndege lakini linatua kama gunia la viazi.

"Wewe nani hata unifundishe kutua?"

"Fundi wa kuchomea vyuma. Magunia yakipasuka huletwa kwangu."

Twyla alicheka, na hapo ndipo mambo yalipoanzia. Kiangazi kilichofuata Orrin ndiye aliyekuwa fundi wa Mama Radi, lori la Twyla lenye magurudumu yanayompita mtu mrefu, na kila asubuhi alimpigia Twyla simu kumuuliza radi yake imeamkaje.

Ikafika Jumamosi ya kuvunja rekodi ya kuruka mbali. Majukwaa yalifurika, tuta la udongo limeshindiliwa likang'aa, na mama yake Twyla alikuwa amekuja kutoka Ohio. Twyla alikuwa anapanda kwenye lori wakati Bwana Lundgren, mwenye maonyesho, alipokuja kumwambia kuwa haruki tena. Nafasi yake amepewa Rusty Pelkey, yule aliyezoea kusema wanawake wakauze tiketi.

Twyla akauliza nani kaamua. Akajibiwa: fundi wako.

Pelkey aliruka kwa lori lake mwenyewe, rekodi ikawa yake. Twyla alisimama kwenye uzio katikati ya watu wanaoshangilia. Orrin alipiga simu mchana kutwa. Alipokelewa mara moja tu.

"Umeniuza kwa Pelkey."

"Mpenzi, fremu ina ufa..."

"Usiniite mpenzi. Nilikuwa pale pale karibu yako, mdomo wako ukaenda kwa Lundgren." Akakata.

Kesho yake Twyla aliingia chini ya lori na tochi, akitaka sana asione kitu. Ufa ulikuwepo, nyuma ya ekseli, ukucha unapenya. Angetua, lori lingekatika vipande viwili naye akiwa ndani. Lakini hasira haikupoa. Ilizidi, maana sasa hakuwa hata na uongo wa kuuchukia.

Alimkuta Orrin karakanani, hajanyoa, kahawa imempoa mkononi.

"Ufa nimeuona. Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nakujua, Twyla. Ningekuambia, ungeruka tu."

Twyla alitaka kukana, lakini ilikuwa kweli. "Ningeruka," alisema. "Lakini shingo ni yangu. Ungenizuia huku unanitazama usoni, nikutukane, nikurushie spana. Wewe umenizunguka kama mtoto anayefichwa wembe."

Orrin hakujitetea. Alisema aliogopa, na kwamba amekosa.

Mwezi wote wa tisa alichomea fremu ile, Twyla kamsimamia, hawazungumzi ila habari za chuma. Mwezi wa kumi wakaenda Iowa. Kabla Twyla hajaruka, Orrin alitoka uvunguni mwa lori, akajifuta mikono, akamtazama machoni.

"Lori liko tayari," alisema. "Mimi siko tayari, ila lori liko."

Twyla akaondoka kwa kishindo. Mama Radi alipaa juu ya safu ya magari mabovu, akaipita alama ya Pelkey, akatua kwa mkia, akabiringika mara moja, akasimama akifuka moshi. Fremu haikukatika. Twyla alitoka dirishani, mdomo unavuja damu, rekodi ni yake.

Orrin alifika wa kwanza. Palepale vumbini akamwomba waoane.

"Bado nimekukasirikia," Twyla alisema.

"Najua."

"Nitakukasirikia mpaka Krismasi."

"Basi tufunge ndoa Januari."

Twyla alitema damu pembeni, akafikiri kidogo. Akamwambia Januari barabara za Ohio zina barafu, mama yake hawezi kusafiri; iwe Aprili.