Unga wa Njano Kwenye Kidonda

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka mlimani Hanang, Loveness alikuwa ameshafagia uwanja, amekamua ng'ombe na kumpa ndama majani. Mama yake, Restituta, hakuwa mtu wa kubembeleza. Alitoa amri huku akitembea, na akishasema jambo hakulirudia.

"Loveness! Chemsha maziwa kabla hujavaa sare. Na huo mguu, mbona unauburuta?"

"Umekufa ganzi tu, mama."

Mguu haukuwa umekufa ganzi. Wiki iliyopita, wakipalilia maharage shambani kwao Endasak, jembe la Loveness liliteleza kwenye jiwe likamkata muundi. Mama aliosha jeraha kwa maji ya chumvi, akafunga kitambaa safi, akasema, "Kikichelewa kukauka, zahanati." Basi.

Kidonda kilichelewa kukauka. Lakini Loveness, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa mkimbiaji wa kutegemewa shuleni, na mashindano ya kata yalikuwa yanakaribia. Alijua kwamba nesi angemwambia apumzike. Isitoshe, Bura, aliyekaa naye dawati moja, hakumpa nafasi ya kupumua.

"Jamani, mpisheni bibi kizee!" Bura alipaza sauti alipomwona anachechemea mlangoni. "Loveness, tukuletee mkongojo?"

"Cheka tu. Siku ya mbio utaona kisogo changu."

"Nitakionaje, na wewe utakuwa nyuma yangu?"

Darasa zima likaangua kicheko. Loveness alicheka pia, lakini moyoni aliumia. Siku hiyohiyo akakumbuka jambo aliloliona kwa jirani yao, mzee Gidahosh, mfugaji aliyehamia kutoka upande wa Basotu. Ng'ombe wake mmoja alichanwa paja na mwenzake kwa pembe. Mzee Gidahosh alichukua dawa ya ndama wanaohara, unga wa njano, akaumwaga kwenye jeraha. Baada ya siku chache ng'ombe alikuwa mzima.

Pakiti ya unga kama huo ilikuwa imechomekwa kwenye paa la zizi lao. Mama alishakataza: dawa ya mifugo ni ya mifugo. Loveness alisubiri mama aende kisimani, akachomoa pakiti, akamwaga unga kwenye kidonda mpaka kikafunikwa chote. Akarudia kila siku.

Kidonda kikakauka juu, kikafanya gamba gumu. Loveness akafurahi. Lakini chini ya gamba nyama ilipwita usiku kucha, ngozi ikawa nyekundu na ya moto. Jioni moja, akiwa ananawa miguu, usaha ulichuruzika pembeni ya gamba. Mama akauona. Hakufoka. Alilichungulia jeraha, akabonyeza kidogo, Loveness akapiga kelele.

"Kesho hospitali, Katesh," mama akasema.

Kulipokucha, kabla bodaboda haijafika, Loveness alijipenyeza zizini akamwaga unga kwa mara ya mwisho. Kisha akaufuta kwa kitambaa chenye maji, mama asiuone.

Hospitalini daktari aliutazama mguu, akamwita mwanamke mwenye koti jeupe na miwani mikubwa.

"Shikamoo, daktari," Loveness alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mimi si daktari, ni mtafiti wa bakteria. Naitwa Kornelia. Nazunguka vijiji vya Mbulu na Hanang, kuanzia Nambis mpaka Basotu, nikichukua usaha wa vidonda. Nataka kujua ni bakteria gani wanatuumiza huku kwetu, na ni dawa gani bado zinawaweza."

Alitoa kijiti chenye pamba nchani. Kabla hajakigusisha kwenye jeraha, akauliza, "Umeweka chochote hapa? Dawa ya duka, ya miti, ya mifugo? Sema tu, hakuna atakayekupiga."

Loveness alimtazama mama yake. Mama alikuwa amemkazia macho.

"Maji ya chumvi tu," akajibu.

Kornelia alipangusa jeraha kwa kijiti kile, akaeleza kwamba angekipaka kwenye sahani ndogo yenye chakula cha bakteria. Sahani ikikaa kwenye joto, bakteria wataota, na hapo watajulikana.

Waliporudi kuchukua majibu, Kornelia hakuwa na uso wa furaha.

"Sahani haikuota kitu," alisema.

Restituta akasimama. "Haikuota nini? Usaha unachuruzika, unaniambia hakuna kitu? Hiyo sampuli mmeiharibu. Semeni tu!"

"Inawezekana, mama Loveness. Nilimwambia daktari kwamba pengine kosa ni langu."

"Sasa inakuwaje?"

"Daktari lazima afikirie ugonjwa mwingine. Anahofia kifua kikuu cha mfupa, ambacho hakioti kwenye sahani za kawaida. Kesho anataka kumkata kipande kidogo cha mfupa kikapimwe. Na kama ni hicho, dawa zake hunywewa kwa miezi mingi."

Loveness aliushika mguu wake. Wangemkata mfupa! Akamtazama Kornelia, aliyesimama pale akifokewa kwa kosa ambalo si lake, wala hajibu kwa ukali. Hilo nalo lilimchoma kama kisu.

"Madam," alisema kwa sauti ndogo. "Niliweka dawa."

"Sema kwa sauti," mama akamwambia.

"Niliweka dawa ya ndama. Unga wa njano. Kila siku. Hata asubuhi ile tuliyokuja, nikaufuta usionekane."

Restituta akaketi taratibu.

"Ya ndama," alisema hatimaye. "Kwani mimi nimezaa ndama?"

Kornelia alicheka kabla hajajizuia. Kisha akavuta kiti akakaa mbele ya Loveness.

"Sasa tunaweza kufanya kazi. Sikiliza. Unga ule ni antibayotiki, dawa ya kuua bakteria. Kwa sababu uliumwaga mwingi, mabaki yake yaliingia kwenye kijiti changu, yakawazuia bakteria wasiote kwenye sahani. Lakini chini ya gamba, ambako unga haukufika vizuri, wenyewe walikuwa wanastarehe."

"Mbona ng'ombe wa mzee Gidahosh alipona?"

"Jeraha lake lilikuwa jingine, na huenda bakteria wake walikuwa wengine. Huwezi kuwajua kwa kuwatazama kwa macho. Ndiyo maana tunapima."

Kornelia alikwenda kumweleza daktari. Kwa kuwa Loveness hakuwa na homa, daktari aliahirisha kumkata mfupa. Aliamuru unga uachwe kabisa na kidonda kioshwe kwa maji safi kila siku. Baada ya siku chache akaondoa gamba, na Kornelia akachukua usaha wa ndani kabisa. Loveness aliuma meno, machozi yakamtoka, lakini mguu hakuuvuta.

Safari hii sahani iliota. Kornelia aliwaita maabara wakaione. Bakteria walikuwa wamejaa kama utando wa malai juu ya maziwa. Katikati yao kulikuwa na vikaratasi vidogo vya mviringo, kila kimoja kimelowekwa dawa yake.

"Hiki kina dawa ya jamii ya unga wako," alisema akionyesha kimoja. Bakteria walikuwa wameota karibu kukigusa. "Wameshaizoea. Tukitumia dawa ovyo, kwa ndama na kwa watu, bila kipimo, wale wanaostahimili ndio wanaobaki na kuzaana. Sasa tazama hiki."

Kukizunguka kikaratasi cha pili palikuwa peupe, duara pana lisilo na bakteria hata mmoja.

"Hii inawamaliza!" Loveness akasema.

"Kabisa. Daktari atakuandikia hiyo. Meza mpaka ziishe, hata kama maumivu yataisha mapema."

Mashindano ya kata yalipita Loveness akiwa bado anameza dawa. Aliketi kandokando ya uwanja, akampigia Bura makofi mpaka viganja vikamwasha. Dawa zilipokwisha, uvimbe ulikuwa umekwenda na nyama mpya imejaa. Daktari aliutazama mguu, akamwambia hana haja ya kurudi tena.

Kabla ya kuondoka, Restituta alimshika mwanawe mkono wakaenda moja kwa moja maabara.

"Kornelia, nilikufokea bure," alisema. "Nisamehe."

"Yamekwisha, mama Loveness."

Kisha Restituta akamgeukia binti yake.

"Na wewe unisikilize, sitarudia. Ulichukua dawa ya ndama niliyokukataza, lakini hukujua madhara yake. Mtu asiyejua anafundishwa, yanaisha. Ila ulipoulizwa ukadanganya, ulitaka kumfanya daktari mzima atibu ugonjwa usiokuwepo, na mfupa wako ukatwe bure. Uliogopa nini? Mimi?"

"Ndiyo, mama."

Restituta akamshika bega.

"Basi niogope, lakini sema. Nitafoka, halafu nitakupeleka hospitali. Vyombo vyote hivi vinaona bakteria tusiowaona, lakini ulichokificha moyoni havikioni. Hicho ni kazi yako kukisema."