Kabati Lililoozwa

Kidole gumba cha mguu wa kulia ndicho kilichotangulia kufa. Ardith Brandewie alikigonga kwenye kabati jipya asubuhi ya Jumatatu, akasubiri maumivu, yasije. Kufikia Ijumaa miguu yote miwili ilikuwa baridi hadi magotini, na madaktari wawili wa Cincinnati walikuwa wameipiga picha wasione kitu.

"Uzee huo," alisema Bwana Haupt kwenye simu, yule muuza samani za kale aliyemuuzia kabati. Ardith alikuwa na miaka hamsini na mbili.

Binti yake, Corinne, alikuwa akijifunza kukadiria thamani ya samani kwenye nyumba ya mnada. Alisikia lile jibu, akachukua tochi.

Kabati lilikuwa la mti wa jozi, la mtindo wa ufufuo, unaoiga ujenzi wa kale: milango ya matao yaliyochongoka kama madirisha ya kanisa, rafu za vitabu na kidroo kimoja juu, droo chini. Cheti cha Haupt kiliapa kwamba ni kazi ya fundi mmoja. Corinne akavuta kidroo cha juu. Meno ya maungio yalikatwa kwa mkono, hili nene, lile jembamba. Droo za chini zilishikwa kwa vijiti vya duara, vyote sawasawa, kazi ya mashine. Akazunguka nyuma. Mbao za juu zilikuwa nyeusi kwa umri. Za chini zilipakwa weusi juzijuzi, na ukamchafua vidole.

Watu wa kazi hiyo huita kitu kama hicho ndoa. Nusu ya kabati moja imebandikwa juu ya nusu ya jingine, na mnunuzi haambiwi.

"Mama, hili limeozwa."

"Limeoza? Ndiyo maana linanuka moshi."

"Limeozwa. Kwa nguvu."

Ndani ya rafu tupu mtu akavuta pumzi.

"Miguu yangu iko wapi?" Sauti ilikuwa ya mwanamke, ya chini, ya mtu aliyekwisha kuuliza mara nyingi.

Ardith akamshika binti yake mkono. "Usijibu," alinong'ona. "Huuliza kila siku ukienda kazini. Niliona aibu kukwambia."

Haupt alikuja Jumapili mchana, Corinne alipomwita, akakaa kwenye kiti kando ya kabati, mbele ya Ardith aliyekuwa mezani, akakunja nne, akaomba kahawa.

"Binti, hata makumbusho yana ndoa."

"Na yanaandika hivyo. Wewe umeandika nini?"

"Mdomo huo ndio mnaofundishwa mnadani?"

"Tunafundishwa kusoma. Ndiyo maana cheti chako kinanichefua. Sehemu ya chini ya kabati hili iko wapi?"

"Haijawahi kuwepo nyingine."

"Mama yangu hawezi kwenda chooni peke yake, Bwana Haupt. Sema hiyo sehemu umeifanya nini."

"Nampa pole. Sasa kabati linahusikaje?"

"Miguu yangu iko wapi?"

Sauti ilitoka kabatini. Kikombe cha Haupt kikatulia njiani kabla ya kufika mdomoni. "Nani huyo?"

"Mjibu," alisema Corinne. "Wewe ndiye uliyemwoza."

Milango ya matao ikafunguka yenyewe, polepole, na ule moshi ukatoka, si moshi wa sigara wala wa jikoni bali wa mbao kavu zilizokaa miaka mia na hamsini zikipakwa nta na mikono ya watu, ukatambaa sakafuni, ukapita miguu ya Ardith kana kwamba imekwisha kukaguliwa na kukataliwa, ukaenda hadi kwenye viatu vya Haupt, ukatulia hapo.

"Ilikuwa na wadudu," alisema Haupt kwa sauti ndogo. "Droo nne tu. Nilizitia kwenye jiko la karakana, Januari, kulikuwa na baridi. Nani angenunua nusu?"

Kisha Ardith akalia kwa uchungu, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vinachomwa na sindano elfu, na uchungu ule ulikuwa uhai. Akashika meza. Akasimama.

"Nenda zako," Corinne alimwambia Haupt. "Utoke kwetu."

Haupt alishika mikono ya kiti, akasukuma. Akasukuma tena. Akaangalia chini, akayaona magoti yake, akaviona viatu vyake vikiwa vimefungwa kamba vizuri, akawaangalia wale wanawake wawili kama mtu anayeomba asiambiwe.

Ghorofani, ambako hakukuwa na mtu, nyayo nzito za kiume zilianza kutembea: moja, kisha nyingine, zikiyumba kidogo, kama za mwanamke anayejaribu kiatu kipya dukani.